Mabomu na Asili Zake

Hapana siku ipitayo ila neno bomu hutajwa katika habari za dunia. Watoto wetu hulisikia wakiwa wameketi chakulani pamoja nasi, na vijana hutuuliza: lilitoka wapi, na kwa nini yako ya namna nyingi? Swali hili lastahili jawabu, kwani asiyejua asili ya kitu huweza kudhani kuwa kilikuwako tangu dunia kuumbwa. Silaha hii ina mwanzo wake, na namna zake nyingi zilibuniwa na watu wanaojulikana, kwa haja inayojulikana.

Msingi wake ni baruti. Wachina ndio walioivumbua, yapata karne ya tisa ya Masihi, kwa kuchanganya shura, kibiriti upele na makaa. Hapo mwanzo ilitumika kwa moto na kishindo. Walipoitia ndani ya chungu cha chuma kilichozibwa, ndipo bomu hasa lilipozaliwa. Katika mwaka 1232 Wamongoli waliuzingira mji wa Kaifeng, na waliokuwa ndani wakawarushia vyungu hivyo. Waandishi wa zama zile wamesimulia kwamba kishindo chake kilisikika mbali mno. Haukupita muda mrefu Wamongoli nao wakawa na silaha hiyo. Mabomu ya udongo ya jeshi lao, lililoangamia pwani ya Japani mwaka 1281, yametolewa chini ya bahari katika siku zetu.

Waislamu nao hawakuwa mbali na elimu hii. Hasan al-Rammah, mtu wa Sham wa karne ya 13, aliandika kitabu juu ya upandaji farasi na zana za vita, akaeleza humo namna ya kuisafisha shura. Waarabu waliiita shura theluji ya China, na kwa jina hilo twatambua kwamba walikiri ilikotoka. Hatulisemi jambo hili kwa kujifaharisha. Twalisema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa neno letu baruti lilitufikia kwa njia hiyo hiyo.

Ulaya ilipoipokea baruti, bomu dogo la kutupwa kwa mkono, ambalo sisi twaliita guruneti, lilipewa jina la komamanga, kwa kuwa ni la mviringo na tumbo lake limejaa chembe. Waarabu hata leo huliita rummana ya mkono. Twastaajabu kuona tunda lililotajwa katika Kurani miongoni mwa neema za Peponi likiazimwa jina lake na chombo cha mauti.

Ama lile kubwa lirushwalo kwa mzinga, wazee wetu waliliita kombora. Mwingereza Henry Shrapnel, katika mwaka 1784, alibuni namna iliyojazwa risasi ili ipasuke hewani juu ya vichwa vya askari. Makombora ya mizinga Unguja inayajua: tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga jumba la Sultani kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Baruti yenyewe nayo ilizidi ukali. Mtaliana Sobrero aliivumbua nitrogliserini mwaka 1847, na Mswidi Alfred Nobel, ambaye nduguye mdogo aliuawa katika mripuko mwaka 1864, aliituliza akapata dinamiti mwaka 1867. Ilitakiwa kwa kupasulia miamba, lakini haikuishia hapo.

Pamoja na yote hayo, kwa kawaida bomu lilikuwa silaha ya ngome, ya merikebu na ya uwanja wa vita. Aliyekaa mbali na mizinga aliweza kulala. Lililogeuza mambo ni ndege.

Mnamo mwaka 1899 mataifa yaliyokutana The Hague yalipatana kutotupa mabomu kutoka katika baluni kwa muda wa miaka mitano. Tarehe 1 Novemba 1911, Wataliana wakipigana na Waturuki na Waarabu katika nchi ya Libya, Luteni Giulio Gavotti aliruka angani na mabomu manne, kila moja la kilo mbili hivi, ukubwa wake kama balungi. Aliyaangusha kwa mkono juu ya Ain Zara na Tajura. Madhara yalikuwa madogo mno, lakini mlango ulikwisha kufunguliwa.

Sayyidna Abu Bakar alipolituma jeshi kwenda Sham, aliliusia lisiue mwanamke, mtoto wala mzee, wala lisikate miti ya matunda. Wasia kama huo wahitaji jicho la kumtambua aliye mbele yako. Rubani aliyepita usiku juu ya mji hakuona mtoto wala mzee, aliona mapaa. Baadaye yakaja makusudio mabaya zaidi, mapaa yenyewe yakawa ndiyo shabaha. Mji wa Guernica, Hispania, ulipigwa na ndege za Kijerumani na za Kitaliana tarehe 26 Aprili 1937, siku ya Jumatatu, ambayo ilikuwa siku ya soko. Katika mwaka 1942 wataalamu wa Chuo cha Harvard, Marekani, walitengeneza napalmu, yaani petroli iliyogandishwa ili ishike na kuunguza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 mabomu ya moto ya namna hiyo yaliiangukia Tokyo, mji wa nyumba za mbao, na watu wapatao laki moja wakafa kabla ya mapambazuko.

Kisha likaja la atomiki. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumika katika kazi hiyo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo, kwa mikono ya watu wasioambiwa yaendako. Bomu lililopasuka juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na nguvu sawa na tani 15,000 za baruti kali, na hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Nagasaki. Tarehe 1 Novemba 1952 Wamarekani walijaribu bomu la haidrojeni huko Enewetak, katika Bahari ya Pasifiki, lenye nguvu ya tani zaidi ya milioni 10, na kisiwa cha Elugelab kikatoweka. Ilikuwa miaka 41 kamili tangu siku ile ya Gavotti na mabalungi yake.

Lakini tusidhani kwamba lililo kubwa ndilo pekee la kuogopwa. Kati ya mwaka 1964 na 1973 ndege za Marekani ziliangusha Laos zaidi ya tani milioni mbili za mabomu. Mengi yalikuwa ya vishada: ganda moja hufunguka angani na kumwaga mamia ya vibomu. Vilivyomwagwa huko vilizidi milioni 270, na yapata vitatu katika kila kumi havikupasuka. Mkataba wa kuvikataza ulifanywa mwaka 2008, ingawa mataifa kadhaa makubwa hayakuutia sahihi. Walao huviita bombi. Baadhi yake ni vya mviringo, ukubwa wa chungwa, navyo vimelala chini ya udongo wa mashamba ya mpunga. Mkulima hukipiga jembe, mtoto hukiokota akidhani ni mpira. Na watu waliozaliwa muda mrefu baada ya vita kwisha wameuawa navyo. Katika shule za huko watoto hufundishwa kuvitambua kwa picha.