Dola 800 Zinazoweza Kukunyima Ruzuku ya Bima

Ukiomba ruzuku ya bima ya afya katika soko la bima la serikali ya Marekani, utaulizwa mapato yako ya mwaka. Wengi wetu huandika fedha zinazoingia benki, au kiasi kinachobaki baada ya makato ya kodi. Majibu yote mawili si sahihi. Kinachopimwa ni MAGI, yaani mapato yaliyofanyiwa marekebisho maalumu, na kila mlipa kodi anapaswa kujua inavyopatikana.

Anza na mapato yote yanayotozwa kodi: mshahara, faida ya biashara, riba ya benki, hata pango la nyumba yako ya Mombasa au Arusha. Ondoa yale machache ambayo sheria inaruhusu, kama vile akiba ya uzeeni ya IRA ya kawaida na riba ya mkopo wa masomo. Hapo umepata AGI, yaani mapato ghafi yaliyorekebishwa. Kisha, kwa ajili ya bima, rudisha vitu vitatu: mapato ya kazi ya ng'ambo yaliyosamehewa kodi, riba isiyotozwa kodi, na sehemu ya mafao ya hifadhi ya jamii (Social Security) isiyotozwa kodi. Jumla hiyo ndiyo MAGI.

Punguzo la kawaida, ambalo mwaka 2026 ni dola 16,100 kwa mtu asiye na mwenzi, huja baada ya hesabu hii, kwa hiyo halipunguzi MAGI. Fedha unazowatumia wazazi nyumbani nazo hazipunguzi hata dola moja.

Chukua mhudumu wa wazee mwenye umri wa miaka 60, anayeishi peke yake, ambaye mwajiri wake hatoi bima wala mpango wa pensheni. Mshahara ni dola 63,000, riba ya benki 400. MAGI yake ni 63,400. Nafuu ya ziada ya ruzuku iliyoanza 2021 iliisha mwisho wa 2025, na kikomo cha mapato ya kupata ruzuku kikarudi: kwa mtu mmoja mwaka 2026 ni dola 62,600, isipokuwa Alaska na Hawaii. Amezidi kwa dola 800, na ruzuku yote imepotea. Akiweka 1,000 katika IRA, anashuka hadi 62,400 na kuingia tena. Katika umri huo bima ni ghali, na ruzuku inaweza kufikia maelfu ya dola.

Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ina hesabu yake: AGI ukijumlisha riba isiyotozwa kodi, tena ya miaka miwili iliyopita. Asiye na mwenzi aliyezidi dola 109,000 mwaka 2024 analipia Sehemu B angalau dola 284.10 kwa mwezi mwaka 2026, badala ya 202.90. Ikiwa mapato yalishuka kwa sababu ya kustaafu au kufiwa na mwenzi, jaza fomu SSA-44 uombe hesabu ipitiwe upya.

Tukirudi kwenye soko la bima, kuanzia mwaka wa kodi 2026, ruzuku uliyopewa kupita haki yako unairudisha yote. Kikomo cha marejesho kilichowalinda wenye kipato kidogo kimeondolewa. Kwa hiyo ukiongezewa saa za kazi au ukipata kazi ya pili, ijulishe soko la bima mara moja, usingoje msimu wa kodi. Kabla ya mwaka kwisha, piga hesabu yako mstari kwa mstari, ungali na nafasi ya kuirekebisha.