Maneno Tunayojisemea: Yanatubadilisha Wakati Gani?

Wale waliosikiliza kipindi cha juma lililopita wanajua kwamba saa ilitukimbia, na tuliahidi kumaliza somo kwenye karatasi hii. Swali lilikuwa moja: mkristo anayeamka na kujitamkia "mimi ni mshindi, mimi ni mzima, mimi ni kichwa wala si mkia", je, maneno hayo yanambadilisha kweli, ao yanapita kama upepo?

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Kuna mama mmoja wa kanisa letu anayeuza sambaza katika soko la Kadutu. Muuguzi alimkuta na ugonjwa wa damu kupanda, ule watu wanaita tansio, akampa vidonge vya kumeza kila siku. Wakati ule sisi tulikuwa tunafundisha juu ya nguvu ya ulimi. Tulisimama mbele ya kanisa, tukawaambia watu wote warudie kwa sauti: "Sina ugonjwa! Sina ugonjwa!" Yule mama aliitika kuliko wengine. Alirudia nyumbani, alirudia njiani, alirudia akipanga samaki mezani. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kusema hana ugonjwa, aliona kumeza kidonge ni kujipinga mwenyewe. Akaacha.

Tansio ni ugonjwa wenye hila. Mara nyingi hauumi popote. Mtu anajisikia mzima huku damu inasukuma mishipa kwa nguvu isiyo ya kawaida. Siku moja mama alianguka kati ya meza za soko, mdomo umepinda upande mmoja. Mungu alimhifadhi, yuko hai, lakini mkono wake wa kuume mpaka leo haushiki kisu vizuri. Tulipomtembelea alituuliza kwa ulimi mzito: "Pasta, si nilikuwa nimesema vizuri?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani, tukafungua upya madaftari ya shule ya Biblia, na Biblia yenyewe, kutafuta mahali tulipokosea.

Hatukatai kwamba maneno yana nguvu. Mithali 18:21 inasema ulimi unaweza kuleta uzima na unaweza kuleta mauti, na mtu yeyote aliyeitwa mjinga kila siku utotoni anajua hilo bila kufundishwa. Tena Biblia inatuonyesha watu wa Mungu wakijisemea wenyewe. Katika Zaburi 42 mwimbaji anageuka na kuongea na nafsi yake, anaiuliza sababu ya kuinama, kisha anaiambia imngojee Mungu. Katika 1 Samweli 30 Daudi anakuta mji wa Siklagi umechomwa, wake na watoto wamechukuliwa, watu wake mwenyewe wanataka kumpiga mawe. Hapana mtu wa kumfariji, na yeye anajitia nguvu katika Bwana.

Lakini angalieni kitu ambacho hawakusema. Yule wa Zaburi hakusema "sina huzuni". Alisema machozi yamekuwa chakula chake mchana na usiku. Huzuni ameiita kwa jina lake, halafu kando yake ameweka ukweli mwingine mkubwa zaidi. Ndivyo alivyofanya pia yule baba wa mtoto mwenye pepo katika Marko 9: alikiri imani yake na upungufu wa imani yake kwa pumzi moja, na Yesu hakumfukuza. Alimponya mtoto.

Ndugu atatuuliza: na Yoeli 3:10 je, pale mdhaifu anapoambiwa aseme yeye ni hodari? Tumeuhubiri mstari huo mara nyingi, hata kwenye redio hii. Lakini soma kutoka mstari wa 9. Wanaosemeshwa pale ni mataifa, wanaitwa waje vitani, wageuze majembe kuwa panga, ili Bwana awahukumu bondeni. Ni mwito kwa maadui waliokuwa wanakwenda kushindwa. Kuuchukua na kumpa mama mgonjwa kama dawa, hilo ni kosa la msomaji, wala si kosa la nabii.

Sasa tulinganishe watu wawili. Katika Mathayo 26 Petro anatamka kwa nguvu zote kwamba hata wengine wote wakikunguwaa, yeye hapana, hata kama ni kufa. Tamko zuri, sauti kubwa. Usiku uleule anaambiwa akeshe na kuomba asije akaingia majaribuni, yeye analala. Alipofika kwenye moto wa uani na kijakazi akamwuliza, hakuwa amejiandaa kwa ulizo lile. Tamko lake lilikuwa juu ya Petro aliyetaka kuwa. Petro aliyekuwepo, mwoga, hakuandaliwa neno.

Wa pili ni mwana mpotevu, Luka 15. Yeye pia anajisemea, tena yuko peke yake kati ya nguruwe. Lakini sikieni namna ya maneno yake. Hasemi "mimi ni tajiri". Anakubali kwamba anakufa na njaa, anakumbuka kwamba nyumbani kuna baba na chakula, kisha anasema ataondoka, atakwenda wapi, na atamwambia baba nini. Na mstari wa 20 unasema aliondoka akaenda. Maneno yake yalikuwa na miguu.

Hata watu wa elimu ya dunia wamekutana na jambo hili. Émile Coué alikuwa mfamasia Mfaransa, alizaliwa mwaka 1857 na kufa 1926. Akiuza dawa aliona kwamba mgonjwa aliyesifiwa dawa yake alipata nafuu kuliko aliyepewa kimyakimya. Baadaye, katika mji wa Nancy, alifundisha watu kujisemea asubuhi na jioni, mara 20, kwamba kila siku wanaendelea vizuri zaidi. Wahesabu kwa kamba yenye mafundo 20. Njia yake ilienea Ulaya na Marekani. Mambo mengi yanayouzwa leo kwenye vitabu vya kujisaidia, na mengine yanayosemwa mimbarini, yanafanana sana na kamba ile ya mafundo. Na Coué mwenyewe hakuacha kuamini dawa, mfamasia angeachaje?

Kisha mwaka 2009 wanasaikolojia wa Kanada, Joanne Wood na wenzake, walichapisha jaribio. Waliwaomba watu wajirudilie kwamba wao ni watu wa kupendwa. Wale waliokuwa wanajithamini tangu mbele walijisikia vizuri kidogo. Wale waliojidharau, yaani hasa wale waliohitaji msaada, walijisikia vibaya zaidi kuliko mbele. Tuliposoma hilo tuliwakumbuka vijana wengi waliopita mikononi mwetu. Kijana anayejua moyoni kwamba jana alikunywa kanyanga, ukimpa neno "mimi ni huru kabisa", kila anapolitamka moyo unamjibu: mwongo. Unamwongezea mashitaka. Baada ya majuma mawili haonekani tena kanisani, na sisi tunasema shetani amemchukua.

Basi neno lenye kusaidia ni la namna gani? Liwe la kweli leo, lisingoje kuwa kweli kesho. Na hapa ndipo pale tulipokuwa tumeruka kabisa: lifungwe mahali fulani na saa fulani.

Mungu aliwajua Waisraeli, ni wasahaulifu kama sisi. Katika Hesabu 15 anawaagiza washone vishada kwenye ncha za mavazi yao, na kila kishada kiwe na nyuzi ya buluu, ili wakikiona wakumbuke amri na wazifanye. Kumbukumbu la Torati 6 inaweka Neno kwenye mkono, kwenye miimo ya mlango na malango, katika kulala na katika kuamka na katika kutembea njiani. Mlango haukuwekwa pale kwa urembo. Mlango ni mahali mtu anapita kila siku, awe na furaha ao hasira. Kila akipita, mlango unaita neno, na neno linaita tendo. Hata Petro, kilichomrudisha ni sauti ya jogoo: Luka 22 inasema jogoo alipowika na Bwana alipogeuka kumtazama, alikumbuka lile neno. Neno la Yesu lilikuwa limefungwa kwenye sauti ya jogoo tangu jioni.

Mwanasaikolojia mmoja Mjerumani, Peter Gollwitzer, amechunguza jambo hili miaka mingi na kuona kwamba mtu anayejipangia "likitokea hili, nitafanya lile" anatimiza kuliko yule anayesema tu kwamba anataka kubadilika. Musa angemsikiliza bila kushangaa.

Tulijaribu sisi wenyewe kabla ya kufundisha tena. Wengi wenu hamjui, lakini mama wa nyumba yetu anajua vizuri, kwamba tulikuwa na ukali wa jioni. Mchana kutwa tunasikiliza shida za washirika kwa upole, halafu tunafika nyumbani, umeme hakuna, daftari la mtoto limechanika, na ule upole unabaki barabarani. Miaka mingi tulitamka asubuhi kwamba sisi ni wapole katika Kristo. Jioni haikusikia habari za asubuhi. Basi tukalifunga neno kwenye kufuli la lango. Kila tunaposhika kufuli tunasema polepole: "Watoto hawa Mungu ndiye alinipa. Nina hasira. Nitakaa kwanza, ndipo nitasema." Kisha tunaingia na kukaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kabla ya kuuliza habari ya kitu chochote. Juma la kwanza tulishindwa mara tatu. Mara moja tulikuwa tumekwisha kuanza kelele, na mtoto wetu mdogo akasema kutoka jikoni: "Baba, kufuli!" Tulicheka wote, na ile hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Kila mtu atafute kufuli lake. Kijana wa moto ambaye majaribu yake ni kituo cha mwisho saa kumi na mbili jioni, pale wenzake wanapogawana pombe, asijisemee kitandani tu. Aseme pale anapozima moto: "Kiu iko, na Bwana yuko. Naenda kupeleka pesa nyumbani kwanza." Dada anayejidharau asijilazimishe kusema yeye ni mzuri kuliko wote, akishika kioo aseme Mungu alimwumba, kisha aende afanye kazi ya siku ile. Mwenye deni, akiona jina la anayemdai kwenye simu, aseme "sitamkimbia mtu", na apokee. Neno liwe fupi, na kando yake kuwe na tendo linaloweza kufanywa ndani ya dakika moja. Ukishindwa leo usitupe neno, angalia kama umelifunga mahali pasipofaa.

Na juu ya magonjwa tunasema wazi, ili mtu asitumie tena jina letu. Kuombea wagonjwa tutaendelea, na tunaamini Mungu anaponya. Lakini hapana mshirika wa kanisa hili atakayeacha dawa juu ya tamko. Ukiamini umepona, rudi kwa muuguzi akupime. Yesu aliwatuma wale wenye ukoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani, hakuogopa uchunguzi.

Yule mama amerudi sokoni, binti yake ndiye anayepima samaki. Tulimwomba msamaha mbele ya kanisa, naye akatusamehe, lakini alituambia kwamba neno letu la zamani bado linamjia mdomoni asubuhi na linamtia hofu. Tulikaa naye na binti yake tukatafuta lingine. Vidonge sasa viko kando ya birika la chai. Akimimina kikombe cha kwanza anasema: "Mungu ananitunza, na hiki ndicho cha leo," kisha anameza kwa mkono wa kushoto.

Jumatano ijayo kipindi kitakuwa cha maulizo. Andikeni kwenye kipande cha karatasi neno lenu na mahali mlipolifunga, mkitie ndani ya sanduku lililo mlangoni mwa kanisa, bila jina. Tutayasoma hewani, hata yale yaliyoshindikana.