Mfalme Mmoja, Falme Mbili: Mhaini ni Nani?

Tarehe 20 Januari 1649, katika Ukumbi wa Westminster jijini London, Mfalme Charles wa Kwanza alifikishwa mahakamani kwa kosa la uhaini. Hakukiri wala hakukana. Alishikilia swali moja: mmenileta hapa kwa mamlaka gani?

Kisheria, swali hilo lilikuwa zito. Sheria ya uhaini ya Uingereza, iliyotungwa mwaka 1352 enzi za Edward wa Tatu, ilimlinda mfalme mwenyewe. Mhaini alikuwa yule aliyekusudia kumuua mfalme, aliyempiga vita ndani ya milki yake, au aliyejiunga na adui zake. Mfalme atajihaini vipi? Waendesha mashitaka walijibu kwamba Charles alikabidhiwa madaraka yenye mipaka kwa manufaa ya watu, naye akayatumia kuwapiga vita watu haohao na Bunge lao. Hoja hiyo iliung'oa utii kutoka kwa mtu na kuupeleka kwa taifa. Ndicho kiini cha kesi nzima, kuliko hata shoka lililofuata.

Miaka 41 nyuma, majaji wa Uingereza walikuwa wameamua kinyume chake. Baba yake Charles, James wa Sita wa Uskoti, alirithi pia kiti cha Uingereza mwaka 1603. Kila ufalme ukabaki na bunge lake, mahakama zake na kanisa lake. Bunge la London halikutaka muungano kamili. Mwaka 1608 ikaja kesi ya mtoto Robert Calvin, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1605. Je, Mskoti huyo angeweza kudai ardhi London, au ni mgeni? Majaji wengi walisema si mgeni, kwa kuwa utii humfuata mfalme mwenyewe, na mfalme ni yuleyule.

Basi kichwa kilichokatwa Whitehall tarehe 30 Januari 1649 kilikuwa pia cha mfalme wa Waskoti, na wao hawakuridhia. Tarehe 5 Februari, Edinburgh ilimtangaza mwanawe kuwa mfalme wa Britania nzima, si wa Uskoti peke yake. Mwaka uliofuata jeshi la Uingereza chini ya Oliver Cromwell lilivuka mpaka na kuwashinda Waskoti huko Dunbar.

Mabunge mawili yaliungana mwaka 1707, lakini Uskoti ikabaki na sheria na mahakama zake. Mwaka 1708 merikebu za Ufaransa zilimleta James Francis Edward Stuart, mjukuu wa Charles aliyedai kiti cha ufalme, hadi karibu na pwani ya Uskoti, zikarudi bila kumshusha. Mabwana kadhaa wa Kiskoti walioshukiwa kumuunga mkono walishitakiwa Edinburgh kwa uhaini, wakaachiwa. Bunge la London likaipeleka sheria ya uhaini ya Uingereza hadi Uskoti, ingawa wabunge wengi wa Kiskoti waliipinga. Sheria hiyohiyo ilipiga marufuku kuwatesa watuhumiwa huko. Hata hivyo, ingawa sheria ya uhaini sasa ilikuwa moja, baada ya vita vya Culloden huko Uskoti mwaka 1746, vilivyokomesha uasi wa wafuasi wa ukoo wa Stuart, wafungwa wa uasi huo walivushwa mpaka na kuhukumiwa Carlisle, York na London.