Je, Wajua? Kuzunguka kwa Ncha za Skii

Je, wajua kwamba mojawapo ya mbinu zinazopendwa na vijana wanaoteleza thelujini kwa skii haihitaji kuruka wala mlima mrefu? Huitwa siagi, kwa jinsi skii inavyopaka theluji kama kisu kwenye mkate. Mchezaji huteremka polepole, huegemea mbele mpaka mikia ya skii inyanyuke, kisha hujizungusha huku ncha zikiendelea kugusa theluji. Akiegemea nyuma, ncha ndizo huinuka.

Anaegemeaje hivyo asianguke kifudifudi? Simama peku uiname mbele: uzito ukishavuka vidole vya miguu, umekwenda chini. Kiatu cha skii, hata hivyo, ni kigumu, kimebana mpaka juu ya kifundo, na kimefungwa kwenye ubao uliotokeza mbele yake zaidi ya nusu mita. Ugoko hukandamiza ulimi wa kiatu, kiatu husukuma ubao, na ubao hupinda. Ndiyo maana anayejifunza hutafuta skii laini. Zile za mbio ni ngumu, hazimpindii mgeni. Wengi huanza wakiwa wamesimama tu mahali tambarare, wakiegemea mbele na nyuma, ndipo waende kwenye mteremko mdogo.

Kuzunguka ndiko kunakosumbua. Kichwa na mabega hutangulia, nyonga na miguu hufuata. Ukianza na miguu, mwili hugoma. Halafu kuna kingo za chuma pembeni mwa skii. Kazi yake ni kung'ata barafu, na zikinasa katikati ya mzunguko, mtu hubwagwa kabla hajajua kimempata nini. Wajanja huchukua tupa wakazifanya butu karibu na ncha na mikia.

Kucheza hivi chini, bila kupaa, si jambo geni. Baleti ya skii, iliyochezwa kwa muziki, ilionyeshwa kama mchezo wa maonyesho katika Olimpiki za Calgary 1988 na Albertville 1992. Baadaye ikafutwa mashindanoni. Hasara tupu, ukiniuliza mimi.

Skii zenyewe nazo zilibidi zibadilike. Nusu mzunguko humwacha mchezaji akishuka kinyumenyume, na mkia bapa huchimba theluji. Mwaka 1998 Salomon ilitoa Teneighty, iliyobuniwa pamoja na Mkanada Mike Douglas na wenzake, ikiwa imepinda juu mbele na nyuma. Haikuwa ya kwanza ya aina hiyo, ila ndiyo iliyoutikisa mchezo.

Na siagi haikubaki kwenye miteremko ya wanafunzi. Katika mashindano ya X Games ya Aspen mwaka 2013, Msweden Henrik Harlaut aliegemea ncha za skii ukingoni mwa kilima cha kurukia, akapaa, akapinduka mara tatu huku akijizungusha nyuzi 1,620, yaani mizunguko minne na nusu, akatua kwa miguu yake na kutwaa dhahabu.