Asiyekuwepo na lake halipo: funzo la Afghanistan

Barazani huwa naulizwa swali moja: vipi Marekani, pamoja na jeshi lake lote, ilipigana Afghanistan miaka 20 kisha nchi ikarudi mikononi mwa wale wale iliokwenda kuwaondoa? Wengi hujibu kuwa ilishindwa vita, basi. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Tukitaka kuelewa, tutazame pia mezani: nani aliitwa kuzungumza na nani aliachwa nje.

Vita vilianza Oktoba 7, 2001, chini ya mwezi mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11 kule Marekani. Taliban walikataa kumtoa Osama bin Laden, na kufikia Desemba utawala wao ulikuwa umeanguka. Mwezi huo huo viongozi wa Afghanistan walikutanishwa Bonn, Ujerumani, wakaunda serikali ya mpito chini ya Hamid Karzai. Taliban hawakualikwa. Ilidhaniwa wamekwisha.

Hawakuwa wamekwisha. Walijipanga upya, na ilipofika 2010 Marekani ilikuwa na askari wapatao 100,000 nchini humo. Osama aliuawa Pakistan Mei 2011, lakini vita vikaendelea miaka mingine kumi.

Mwisho wake ulipangwa Doha, Qatar, ambako Taliban walifungua ofisi mwaka 2013. Safari hii mambo yaligeuka: Taliban wakawa ndani, serikali ya Kabul ikawa nje. Taliban walisema serikali hiyo ni kibaraka na hawakai nayo. Marekani ikalikubali sharti hilo. Februari 29, 2020, mjumbe wa Marekani Zalmay Khalilzad na Mullah Abdul Ghani Baradar wa Taliban wakatia saini. Jina la mkataba wenyewe ni kioja. Linawataja Taliban kuwa ni Imarati ya Kiislamu ya Afghanistan, na papo hapo linasema Marekani haiitambui kuwa dola.

Ndani yake, Marekani iliahidi kuondoa majeshi ya kigeni kwa miezi 14. Taliban waliahidi kutoiacha al-Qaeda itumie ardhi yao kuishambulia Marekani na washirika wake. Pia wafungwa hadi 5,000 wa Taliban waachiliwe. Nani alikuwa amewafunga? Serikali ya Kabul, ambayo haikutia saini popote. Ni kama majirani wawili kupatana kuwa wewe, usiyekuwepo, utafungua zizi lako.

Askari wa serikali ile walisoma alama hizo mapema. Mkubwa wao ameshapatana na adui, wao wafe kwa ajili ya nani? Rais Biden alisogeza tarehe ya kuondoka lakini hakuubatilisha mkataba. Agosti 15, 2021, Rais Ashraf Ghani alikimbia na Taliban wakaingia Kabul. Ndege ya mwisho ya jeshi la Marekani iliruka usiku wa Agosti 30.

Baada ya hapo ikaanza vita ya pili, ya kidiplomasia. Hapa tutofautishe mambo mawili: kuitambua serikali, na kufanya nayo kazi. China ilipokea hati za balozi wa Taliban Januari 2024 bila kutangaza kuwatambua. Urusi ndiyo ya kwanza kuwatambua rasmi, Julai 2025. Takriban dola bilioni 7 za benki kuu ya Afghanistan zilizokuwa Marekani zilizuiwa, na mwaka 2022 nusu yake zikahamishiwa mfuko maalumu Uswisi. Aliyepata shida zaidi si kiongozi wa Taliban. Ni mama aliyekwenda benki akaambiwa hakuna pesa.

Mama huyo pia ana binti. Wasichana wamezuiwa kusoma baada ya darasa la sita, na Desemba 2022 wakafungiwa vyuo vikuu. Mimi ni Muislamu na siioni dini hapo. Hata Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu imelipinga katazo hilo. Lakini Umoja wa Mataifa ulipowaleta Taliban kwenye mkutano wake wa Doha, Juni 30, 2024, wanawake wa Afghanistan hawakuwekwa kwenye meza hiyo. Walisikilizwa kando, baadaye.

Bonn waliachwa Taliban, vita vikarudi. Doha iliachwa Kabul, serikali ikaanguka. Kisha wakaachwa wanawake. Wahenga wetu walishasema, asiyekuwepo na lake halipo.

Sisi wa Pwani lisitupite hili. Askari wa Kenya waliingia Somalia Oktoba 2011, na watu wa Lamu wamezika wengi tangu wakati huo. Vita hivyo navyo siku moja vitazungumzwa mahali, pengine Nairobi, Mogadishu au hiyo hiyo Doha. Wabunge na viongozi wetu waanze kuuliza sasa: siku hiyo, mtu wa Kiunga na wa Basuba atasemewa na nani?