Je, Wajua? Mwandishi wa Kujitegemea Aliyekosoa Setilaiti

Je, wajua kwamba mmoja wa waandishi wa teknolojia waliosomwa sana Marekani hakusomea uhandisi? Forrest Mims alihitimu Chuo Kikuu cha Texas A&M mwaka 1966, na shahada yake ilihusu masuala ya serikali. Elektroniki alijifunza mwenyewe, kwa kuunda na kufumua vifaa.

Je, wajua kwamba makala yake ya kwanza ilimpatia dola 93.50? Ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Model Rocketry, ikieleza jinsi ya kutengeneza taa ya transista ya kufuatilia roketi ndogo za mfano zinazorushwa usiku. Mwaka huohuo yeye, Ed Roberts na wenzao wawili walianzisha kampuni ya MITS mjini Albuquerque, wakiuza vifaa vya roketi hizo. Baadaye Mims alijitoa kwenye kampuni, akaamua kuishi kwa kalamu.

Je, wajua kwamba aliwahi kulipwa kompyuta badala ya fedha? Roberts alipounda Altair 8800, ile iliyopamba jalada la Popular Electronics la Januari 1975, alimwomba rafiki yake aandike mwongozo wa matumizi. Altair haikuja na skrini wala kibodi. Mtumiaji aliiamuru kwa kupandisha na kushusha swichi za mbele, kisha akasoma jibu kwenye safu ya vitaa vyekundu. Bila mwongozo unaoeleweka, mnunuzi angebaki akikodolea macho sanduku. Mims alipokea Altair kama ujira wake, na mwaka 1987 aliikabidhi kwa Taasisi ya Smithsonian, ihifadhiwe katika makumbusho ya taifa.

Je, wajua kwamba kitabu chake mashuhuri zaidi kiliandikwa kwa mkono? *Getting Started in Electronics*, kilichotoka mwaka 1983 na kuuzwa katika maduka ya Radio Shack, kina mwandiko wake mwenyewe kutoka ukurasa hadi ukurasa, pamoja na michoro ya saketi aliyoichora mwenyewe. Nakala zaidi ya milioni moja zimeuzwa. Wahandisi wengi wanakitaja kuwa ndicho kilichowafungulia mlango wa fani, na si ajabu: kila saketi imeelezwa na mtu aliyekwisha kuiunda mezani kwake.

Je, wajua kwamba mwandishi huyu aligundua kasoro katika vipimo vya setilaiti ya NASA? Kuanzia mwaka 1990 alipima tabaka la ozoni kutoka kwake Texas, akitumia vifaa viwili vidogo alivyovitengeneza mwenyewe. Vifaa hivyo vilikubaliana, lakini vikatofautiana na takwimu za setilaiti ya Nimbus-7. Hakukimbilia kudhani kwamba kosa ni lake. Aliendelea kupima, na baadaye ikathibitika kuwa chombo cha setilaiti ndicho kilichopotoka. Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1993, na mwaka huohuo akapata Tuzo ya Rolex.

Kijana anayetaka kuandika kuhusu teknolojia bila mwajiri na ajifunze hapa: kabla hujaeleza kifaa, kishike, kifungue, kipime. Msomaji humwamini mwandishi ambaye mikono yake imefika kabla ya kalamu.