Mbwa wawili, bakuli mbili

Kwetu mbwa hula makombo ya ugali, basi. Hapa Birmingham, ambako maonyesho ya mbwa ya Crufts yalihamia mwaka 1991, mwenzetu mwenye mbwa wawili hujikuta akipika mara mbili. Mzee mwenye figo mbovu anatakiwa chakula chenye fosforasi kidogo. Mtoto wa miezi minne, chakula hicho hakimtoshi kukua. Taabu inakuja mzee anapodokoa bakuli la mtoto: figo zinazidi kuelemewa. Dawa ni mlango. Mmoja ale jikoni, mwingine sebuleni, na baada ya dakika 20 bakuli ziondolewe, zimalizwe zisimalizwe. Wageni nao (ndio wabaya zaidi!) wasidondoshe minofu chini ya meza. NHS haitibu mbwa. Bili ni yako.